Nchi Yako Iliahidi Nini Hasa? Mwongozo wa Kusoma Mikataba ya Haki za Binadamu na Masharti Yake, kwa Mfano wa Kenya

Tarehe 1 Mei 1972 Kenya ilijiunga kwa siku moja na mikataba miwili mikubwa ya Umoja wa Mataifa: ule wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na ule wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Anayeishia kwenye orodha ya nchi wanachama ataiona tarehe hiyo, ataiandika, na ataondoka ameridhika. Anayeteremka chini ya orodha, mpaka kwenye herufi K, atakutana na sentensi moja ambayo Kenya iliiambatisha kwenye mkataba wa pili. Kwa lugha yetu inasema kwamba Serikali ya Kenya inazitambua na kuziunga mkono kanuni za aya ya 2 ya ibara ya 10, lakini hali ilivyo nchini haifanyi kuwa lazima, wala kufaa, kuziweka kanuni hizo kwa nguvu ya sheria.

Aya hiyo inahusu akina mama. Inataka mama alindwe kwa namna ya pekee kwa muda wa kutosha kabla na baada ya kujifungua, na mama aliyeajiriwa apewe likizo yenye malipo, au likizo yenye mafao ya kutosha ya hifadhi ya jamii. Kenya iliukubali mkataba mzima, ikaiacha nje likizo ya uzazi.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya sentensi kama hizo. Waandishi wa habari, wanafunzi wa sheria, wasaidizi wa kisheria vijijini na wanaharakati hunukuu mikataba kila siku, na wengi wao hawajawahi kufika chini ya orodha. Siku upande wa pili unapoichomoa sentensi hiyo mbele ya hakimu au kwenye kamati ya Bunge, hoja nzuri huanguka kwa uvivu wa dakika kumi.

Neno moja tulielewane kwanza. Nchi ikiukubali mkataba huku ikisema "ila ibara hii hainifungi" au "hii itanifunga kwa kiasi hiki tu", nitaiita hatua hiyo kuweka sharti. Nchi inaweza kuweka sharti, kulipunguza au kuliondoa.

Hatua ya 1: Anza na swali, usianze na mikataba

Ukianza kwa kutaka kujua "Kenya imeridhia mikataba gani", utapata orodha ndefu isiyokusaidia kitu. Anza na jambo linalokuuma: mfanyakazi wa kike amefukuzwa akiwa mjamzito, kijiji kimebomolewa bila notisi, kijana amechukuliwa na watu wasiojulikana. Chukua daftari, ukurasa uulaze, uchore safu tano: mkataba na ibara, tarehe na namna nchi ilivyoingia, sharti kwa maneno yake kamili, sheria ya nyumbani, na mlango wa kupeleka malalamiko. Hatua zinazofuata ni kuzijaza safu hizo moja moja. Kwa kawaida safu ya tatu na ya tano ndizo hubaki tupu kwenye kazi za watu, na ndizo zenye maamuzi.

Hatua ya 2: Tofautisha saini na kuridhia

Fungua treaties.un.org, uende Sura ya IV, ambayo ndiyo ya haki za binadamu. Mkataba wa haki za kiuchumi na kijamii ni namba 3 katika sura hiyo, wa haki za kiraia na kisiasa namba 4, wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake namba 8, wa kupinga mateso namba 9, wa haki za mtoto namba 11, na wa watu wenye ulemavu namba 15. Mikataba ya wakimbizi iko Sura ya V, usiitafute hapo.

Kila ukurasa una jedwali. Safu moja ni tarehe ya saini, nyingine ni tarehe ya kufungwa na mkataba. Pembeni mwa tarehe hii ya pili, angalia kama kuna herufi ndogo "a". Ikiwapo, nchi ilijiunga moja kwa moja bila kutia saini kwanza, kama Kenya ilivyofanya 1972. Isipokuwapo herufi yoyote, nchi ilisaini kisha ikaridhia. Nguvu ya njia hizo mbili ni sawa.

Saini peke yake ni habari nyingine. Kenya ilisaini mkataba wa kulinda watu wote dhidi ya kupotezwa kwa nguvu tarehe 6 Februari 2007, na haikuuridhia. Tangu maandamano ya Juni 2024 mjadala wa vijana kutekwa haujatoka midomoni mwa watu, na nimesoma matamko mengi yanayosema Kenya "imevunja mkataba" huo. Hoja hiyo haina miguu. Nchi iliyosaini tu ina wajibu mwembamba wa kutofanya mambo yanayoliua lengo la mkataba, basi. Kwa kesi ya namna hii shika silaha zilizo mkononi: mkataba wa kupinga mateso, ambao Kenya ilijiunga nao 21 Februari 1997, na Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017. Ndugu zangu wa Tanzania wasiinakili sentensi hiyo, kwa kuwa Tanzania haimo katika mkataba wa kupinga mateso.

Hatua ya 3: Soma sharti neno kwa neno

Hapa ndipo pa kukaa. Chini ya jedwali kuna matamko na masharti ya nchi, yamepangwa kwa alfabeti. Baada yake huja pingamizi za nchi nyingine. Na mwisho tanbihi. Usiziruke tanbihi, kwani mara nyingi sharti lililoondolewa hutajwa huko tu.

Unaposoma sharti, jiulize maswali matatu. La kwanza, linataja ibara gani, hadi aya na herufi? Sharti la Kenya la 1972 linagusa aya ya 2 ya ibara ya 10. Halikugusa aya ya 1 kuhusu familia, wala aya ya 3 kuhusu ulinzi wa watoto, wala ibara ya 7 kuhusu mazingira ya haki ya kazi. Anayesema "Kenya haifungwi na ibara ya 10" amekosea, na wewe usimwache apite.

La pili, linakataa nini hasa? Rudi kwenye maneno. Kenya haikusema kanuni ni mbaya. Ilisema inaziunga mkono, na kwamba haioni haja ya kuzilazimisha kwa sheria. Kilichowekwa kando ni wajibu wa kutunga sheria.

La tatu, sababu iliyotolewa bado ipo? Sentensi ile inazungumzia hali iliyopo nchini wakati huo. Sharti lililofungwa kwenye hali ya wakati fulani huwa dhaifu hali ikibadilika, na hii ndiyo hoja yako kubwa baadaye.

Usidanganywe na jina. Baadhi ya nchi huandika "tamko" au "ufafanuzi" juu ya karatasi, kumbe ndani wameondoa wajibu. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba unasema sharti ni sharti, liitwe vyovyote litakavyoitwa, mradi linalenga kuondoa au kubadilisha nguvu ya ibara kwa nchi hiyo. Mkataba huohuo unakataza sharti linalogongana na lengo lenyewe la mkataba, na ule wa wanawake unalirudia katazo hilo katika ibara ya 28.

Kuna masharti membamba na kuna masharti mapana. La Kenya la 1972 ni jembamba, ibara moja, aya moja. Oman, ambako wasomaji wengi wa Kiswahili wana ndugu, ilipojiunga na mkataba wa wanawake 2006 iliweka sharti kwa vipengele vyote visivyoafikiana na sharia ya Kiislamu, ikataja pia ibara kadhaa kwa namba. Sharti la aina ya kwanza hapo ni pana mno: msomaji hawezi kujua ni ahadi ipi imebaki, na ndiyo sababu baadhi ya nchi za Ulaya ziliweka pingamizi. Yale yaliyotajwa kwa namba yanasomeka, na moja lao, la ibara ya 15 aya ya 4 kuhusu uhuru wa kutembea na kuchagua makazi, Oman iliamua kuliondoa 2019.

Usisahau mikataba ya Afrika, maana haiko kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa. Iko au.int. Kenya iliridhia Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake tarehe 6 Oktoba 2010, ikaweka masharti mawili. La kwanza ni ibara ya 10 aya ya 3, inayotaka nchi ipunguze kwa kiasi kikubwa matumizi ya jeshi ili fedha ziende kwenye maendeleo ya jamii, hasa ya wanawake. La pili ni ibara ya 14 aya ya 2 herufi c, kuhusu kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu mwanamke akiwa amebakwa, akiwa amepata mimba ya maharimu, au mimba ikihatarisha afya ya mwili au akili yake, au uhai wake au wa kijusi. Uganda nayo iliweka sharti kwenye herufi hiyo c mwaka huohuo. Watu wanalijua la pili, la kwanza hawalitaji kabisa. Mimi naliona zito kuliko linavyochukuliwa, kwa sababu ndilo lingempa mwanamke wa kaunti isiyo na zahanati neno la kusema bajeti ya taifa inapojadiliwa.

Hatua ya 4: Weka sharti na sheria ya nyumbani upande kwa upande

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kudhani kwamba ibara ikiwekewa sharti, haki hiyo haipo nchini. Sharti hupunguza kile ambacho nchi inadaiwa na mataifa mengine na kamati za kimataifa. Halifuti haki ambayo Katiba au sheria ya Bunge imeshampa mwananchi.

Tazama likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mwanamke likizo ya miezi miwili yenye mshahara kamili, lakini akipoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, ikapandisha hadi miezi mitatu kwa mshahara kamili, na ikakataza asinyang'anywe likizo ya mwaka. Baba naye akapewa wiki mbili. Kwa hiyo kitu ambacho Kenya ilisema 1972 hakihitaji nguvu ya sheria kimekuwa sheria kwa miongo. Mfanyakazi aliyenyimwa likizo leo asianze na mkataba. Aanze na kifungu cha 29, autie mkataba nyuma kama uzito wa kuongezea.

Ya Maputo ni magumu zaidi, na yanataka usomaji wa utulivu. Katiba ya Kenya ilitangazwa 27 Agosti 2010, wiki chache tu kabla ya itifaki kuridhiwa. Ibara ya 26 aya ya 4 inakataza utoaji mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Linganisha sasa. Hatari kwa afya na uhai wa mama imo kwenye Katiba, hivyo sharti la Maputo haliigusi. Ubakaji na maharimu hayatajwi kwa majina katika aya hiyo ya Katiba, na hapo ndipo itifaki ingeongeza kitu dhahiri kama sharti lisingekuwapo. Hata hivyo, tarehe 12 Juni 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi, majaji watano, iliamua kwamba mwanamke aliyepata mimba kwa kubakwa anaweza kupata huduma hiyo iwapo mtaalamu wa afya ataona uhai au afya yake, ikiwemo ya akili, iko hatarini. Majaji walipita kwenye mlango wa Katiba, na sharti halikuwazuia.

Hatua ya 5: Jua mkataba unaingiaje katika sheria ya nchi

Kwa Kenya jibu ni ibara ya 2 aya ya 6 ya Katiba: mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya chini ya Katiba. Soma maneno matatu ya mwisho mara mbili. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliitumia ibara ya 11 ya mkataba wa haki za kiraia kusema mdeni asifungwe gerezani kwa deni la madai. Miaka miwili baadaye jaji mwingine wa mahakama hiyohiyo aliisoma ibara hiyo kwa karibu zaidi: inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba wa deni. Asiyeweza kulipa analindwa. Anayeweza na anakataa hana kinga hapo. Kesi nzima ilisimama juu ya neno "tu".

Mahakama ya Juu nayo ilizungumza tarehe 11 Januari 2021 katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi waliobomolewa nyumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Ilisema miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhamishaji wa watu si sheria yenyewe, lakini mahakama inaweza kuitumia kuitia uhai haki ya makazi. Kwenye daftari lako, usichanganye mkataba na miongozo.

Tanzania inaenda kwa njia nyingine. Ibara ya 63 aya ya 3 herufi e ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, kisha inahitajika sheria ya kuutekeleza mkataba ili uwe na nguvu ya moja kwa moja mahakamani. Majaji hata hivyo wamekuwa wakiitumia kutafsiri Katiba. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza iliutaja mkataba wa wanawake ilipotupilia mbali mila ya Kihaya iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18, ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo 2019.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ina mtego wake. Katiba ya 2006, ibara ya 215, inaupa mkataba nguvu juu ya sheria za kawaida, lakini baada ya kuchapishwa katika gazeti rasmi. Itifaki ya Maputo iliridhiwa 2008, ikachapishwa Machi 2018.

Hatua ya 6: Tafuta mlango

Ahadi na mlango wa kulalamikia ahadi ni vitu viwili. Kenya imeridhia karibu mikataba yote mikubwa, lakini haijakubali mtu mmoja mmoja apeleke malalamiko kwenye kamati yoyote kati ya zile za Umoja wa Mataifa. Tanzania ilikubali mlango wa kamati ya wanawake 2006 na wa kamati ya watu wenye ulemavu 2009. Kwa mlango huo wajane wawili wa Kitanzania, walionyimwa urithi kwa mila zilizoandikwa kwenye amri ya 1963, walipata uamuzi wa kamati ya wanawake 2015 kwamba haki zao zimevunjwa. Mjane wa Kenya mwenye shida hiyohiyo hawezi kwenda huko. Yeye atategemea ibara ya 2 aya ya 6 na mahakama za nyumbani.

Mahakama ya Afrika pale Arusha ina kufuli mbili. Nchi iridhie itifaki yake, kisha iweke tamko la ibara ya 34 aya ya 6 la kuruhusu watu na mashirika kwenda moja kwa moja. Kenya iliridhia 2004 bila tamko. Tanzania iliweka tamko Machi 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na tangu 22 Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya za watu binafsi.

Lakini kuna njia ya kuzunguka. Waogiek wa msitu wa Mau, walipopewa notisi ya siku 30 kuondoka Oktoba 2009, hawakuweza kwenda Arusha wenyewe. Walilalamika kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Tume ndiyo iliyoipeleka Kenya mahakamani. Hukumu ilitoka 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikaagiza fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, pamoja na kurejeshewa ardhi. Karibu miaka kumi na mitatu kutoka notisi hadi amri ya fidia. Mwambie mteja wako ukweli huo kabla hajaanza.

Hatua ya 7: Dai sharti liondolewe

Nchi inaweza kuliondoa sharti lake wakati wowote, na haihitaji ruhusa ya yeyote. Rwanda iliridhia Itifaki ya Maputo 2004 ikiwa na sharti kwenye ibara ileile ya 14, ikaliondoa 2012.

Kwanza omba maandishi. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iandikie wizara ya mambo ya nje uombe nakala ya hati ya kuridhia na ya sharti lililoambatishwa. Wana siku 21 kukujibu. Wakikataa, una siku 30 kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman.

Kisha nenda Bunge. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi, na Sheria ya Kuingia na Kuridhia Mikataba ya 2012 inalipa Bunge la Taifa sauti katika kuridhia, kwa masharti au bila masharti, baada ya kuwasikia wananchi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa ibara ya 120, kwa hiyo andika kwa Kiswahili bila wasiwasi. Kiini cha ombi lenyewe kinaweza kuwa kifupi hivi:

"Sisi tuliotia saini hapa chini tunaliomba Bunge la Taifa liishauri Serikali kuliondoa sharti lililowekwa 1972 kwenye ibara ya 10 aya ya 2 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Sharti hilo lilisema hali ya wakati huo haikuhitaji sheria. Sheria imekuwapo tangu 1976, na kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinatoa miezi mitatu yenye mshahara kamili. Hatuombi gharama mpya kwa mwajiri. Tunaomba ahadi ya Kenya kwa dunia ilingane na sheria ambayo Bunge hili lenyewe lilipitisha."

Kabla ya kuweka saini, fungua tena Sura ya IV, namba 3, herufi K, pamoja na tanbihi zake, siku hiyohiyo unayopeleka ombi. Piga picha ya ukurasa ikionyesha tarehe, uiambatishe.